Uso Uliofifia Chini ya Jua la Mombasa

Mtu akilalamika kwamba uso umemfifia, ushauri wa kwanza anaopewa na shoga zake ni wa kuongeza. Ongeza manjano, ongeza singo, nunua ile seramu inayotangazwa mtandaoni, sugua zaidi. Kwa ngozi iliyovuka miaka arobaini, tena inayowashwa na kitu kidogo, ushauri huo ndio unaoimaliza. Ngozi ya namna hii huanza kupata nafuu inapopunguziwa mzigo. Vya kununua ni vichache, na vingi havina bei ya kutisha. Vya kuacha ndivyo vingi.

Sabuni na maji ya kisima

Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH ya kati ya 4.5 na 5.5 (pH ni kipimo cha uchachu; namba ikiwa ndogo, uchachu ni mwingi). Sabuni ya kipande, hata ile ya watoto, huwa na pH ya 9 hadi 10. Ngozi ya msichana wa miaka ishirini hujirekebisha upesi ikishaoshwa. Ya mama wa miaka hamsini huchukua muda mrefu zaidi, na kwa joto letu hili kabla haijamaliza keshaoga tena.

Halafu kuna maji yenyewe. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na bomba likikauka, jambo ambalo halimshangazi mtu, nyumba nyingi hurudi kwenye kisima. Maji ya visima vyetu yana chokaa, na mara nyingi chumvi juu yake. Sabuni ikikutana na chokaa povu halikai. Badala yake hufanyika utando, ule ule unaoganda pembeni mwa karai na ndoo. Utando huo hubaki usoni pia. Ukikauka, uso unaonekana kama umepitiwa na vumbi, na mwenyewe akidhani ni uchafu, anaongeza sabuni. Watu wengi wanaojiona wamefifia kwa uzee wamefifia kwa hilo tu, na wiki mbili za kuliacha zinatosha kuonyesha tofauti.

Kinachotakiwa ni kisafishaji kisicho sabuni. Kwenye duka la dawa omba cha ngozi kavu na nyeti, kisicho na manukato. Hiki hakigandi na chokaa. Tumia usiku tu, kiasi cha kufunika ncha ya kidole, usugue kwa vidole muda wa nusu dakika hadi dakika moja, kisha suuza. Asubuhi maji matupu yanatosha. Kama maji yako ni ya kisima, weka kando jagi la nusu lita la maji matamu kwa kusuuzia mara ya mwisho. Kausha kwa kugusa-gusa na taulo laini. Dodoki ni la mgongo na miguu.

Kuna kopo jeupe la bei nafuu lililoandikwa Aqueous Cream, na wengi hulipaka na kulala nalo wakiamini ni la ngozi nyeti. Aina nyingi za krimu hii zina sodiamu lauril salfeti, kemikali ile ile inayotoa povu kwenye sabuni za maji. Ikikaa usoni usiku kucha huila kinga ya ngozi taratibu. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kuihusu mwaka 2013. Lakini usilitupe kopo. Paka kwenye uso mkavu, sugua polepole, suuza, na hapo umepata kisafishaji cha bei rahisi.

Wanaosali wana jambo jingine la kuangalia: udhu. Uso unaooshwa kila swala na kuachwa ukauke kwa upepo hupoteza unyevu kila mara, na maji ya chumvi huongeza ukavu. Dawa yake ni ndogo. Gusa-gusa na kitambaa, na uso ukiwa bado na ubichi paka losheni nyembamba. Mwenye wasiwasi kuhusu utando na kufika kwa maji amuulize sheikh wake. Mimi nasema upande wa ngozi tu: losheni nyepesi ya maji ikishanyonywa haiachi tabaka la kushikika.

Singo, ndimu na mkorogo

Singo ni nzuri, na bi harusi asiyefanyiwa singo kwetu ataonekana amenyimwa haki yake. Lakini ni ya mwili. Ndani yake mna mawaridi makavu, liwa, karafuu, manjano na chochote kile nyumba hiyo inachojivunia, na vingine vimesagwa kwa mkono, havikulainika sawasawa. Punje hizo zikisuguliwa kwenye shavu jepesi huacha mikwaruzo isiyoonekana kwa macho. Karafuu ina yujenoli, kiungo cha harufu kinachojulikana kwa kuleta mzio wa ngozi. Manjano huacha rangi na wengine huwawasha. Liwa peke yake, iliyosuguliwa kwenye jiwe kwa maji matupu, ni ya upole zaidi, na watu wa Pwani wameitumia kwa harara ya watoto tangu zamani. Ikikubali ngozi yako, paka mara moja kwa wiki na uisuuze kabla haijakauka na kuanza kuvuta. Usiikwangue.

Ndimu na limau siwezi kuzitetea. Maji ya limau yana pH ya karibu 2. Ndimu ina pia kemikali zinazoamshwa na jua: pakaa, toka nje mchana, na kesho yake unaweza kuamka na malengelenge yanayoacha alama nyeusi kwa miezi. Magadi yanakosea upande wa pili, yanaivuta pH ya ngozi juu kuliko hata sabuni. Kuchanganya viwili hivyo "visawazishe" ni kupata povu na chumvi.

Mkorogo ni habari nzito zaidi. Kenya imepiga marufuku zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi, kwenye vipodozi, na bado makopo yapo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu bila daktari huweza kuacha vidoa vya samawati iliyokolea kwenye mifupa ya mashavu, na hivyo ni vigumu mno kuvitoa. Zebaki hupita ngozi ikafika kwenye figo. Lakini kinachowanasa watu wengi siku hizi ni tyubu ndogo za dawa, zinazouzwa kama za "madoa na vipele". Soma ubavuni. Ukikuta clobetasol, betamethasone au fluocinonide, hizo ni steroidi kali, dawa za ugonjwa zilizokusudiwa muda maalumu. Usoni hung'arisha kwa wiki chache za mwanzo, na hapo ndipo mtego ulipo. Baadaye ngozi hukonda, mishipa ikaonekana, chunusi zikajaa, na ukiiacha uso unawaka moto, kwa hiyo unairudia. Aliyeitumia kwa miezi asiikate ghafla peke yake. Daktari wa ngozi atampunguzia hatua kwa hatua. Utaratibu mwingine wote wa makala hii umngoje hadi hapo.

Kipodozi cha hapa nchini chenye alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, unaweza kukihakiki kwa simu: andika SM#, fuatisha namba ya kibali iliyo chini ya alama, tuma kwa 20023. Kopo lisiloorodhesha viungo usilipake usoni, hata likiwa zawadi.

Pesa ya kwanza iende kwenye jua

Mwenye pesa ya kitu kimoja tu anunue sanskrini, krimu ya kukinga jua. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na kipimo cha miale ya UV, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, mchana hapa mara nyingi hufika 10 na kupita. Mawingu mepesi ya kusi yanapunguza joto kuliko yanavyopunguza miale. Mchanga wa pwani huirudisha kiasi kingine kutoka chini, na kioo cha pembeni cha gari hupitisha ile inayozeesha ngozi hata kama haikuunguzi.

Ni kweli kwamba weusi unatukinga. Ngozi nyeusi ina kinga ya asili inayokisiwa kuwa kama SPF 13 (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya miale inayounguza), na ndiyo sababu makunyanzi huchelewa kwetu. Kinachotangulia kwetu ni rangi kuharibika: mabaka mashavuni na juu ya mdomo, kipaji cheusi kuliko kidevu, madoa yanayobaki baada ya kila chunusi. Ngozi nyeusi ikichokozwa hujibu kwa kumwaga rangi, na jua huikaza rangi hiyo isitoke. Ukipaka dawa ya madoa usiku na kutoka bila kinga asubuhi, utamaliza tyubu na madoa utabaki nayo.

SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza, SPF 50 takriban 98. Usijitie kwenye deni kwa ajili ya asilimia moja. Kiasi unachopaka ndicho chenye uzito. Uso peke yake unataka robo kijiko cha chai. Uso, masikio na shingo, nusu kijiko. Bila kijiko, chora mistari miwili ya sanskrini kwenye kidole cha shahada na cha kati, kutoka shina hadi ncha. Piga hesabu: nusu kijiko ni mililita 2.5, kwa hiyo chupa ya mililita 50 ikipakwa mara moja kwa siku ni ya siku 20. Chupa iliyokaa miezi sita juu ya meza inamaanisha unapaka harufu yake tu. Ndiyo maana chupa kubwa ya bei nafuu, uliyoizoea ngozini, ni bora kuliko ndogo ya kifahari.

Mwenye mabaka ana jambo moja zaidi. Mabaka huzidishwa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana, na sanskrini nyeupe ya kawaida haiuzuii vya kutosha. Iliyotiwa rangi ya ngozi huuzuia kwa oksidi za chuma. Kwenye lebo tafuta CI 77491, 77492 na 77499. Rangi hiyo pia huondoa ule ukijivu unaotufanya tuonekane tumepakwa unga wa muhogo.

Jua letu ni kali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana, na adhuhuri imeketi katikati. Anayetawadha saa sita u nusu ameiosha sehemu kubwa ya kinga yake wakati jua liko juu kabisa, kisha anatoka msikitini au ofisini kwenda kula. Tia tyubu ndogo kwenye mkoba na upake tena baada ya udhu wa adhuhuri, na baada ya wa alasiri ukiwa bado una safari. Asiyetawadha na yuko nje, kila saa mbili.

Mtandio, kofia pana na mwavuli havichonyoti, havikwishi, na mwavuli kwenye foleni ya feri ya Likoni si wa mvua pekee. Anayevaa nikabu anahitaji sanskrini kipajini, kuzunguka macho na mikononi. Kitambaa chenyewe kijaribu: kiinue mbele ya taa, na ukiiona taa wazi, jua nalo linapita. Chini yake jasho na msuguano huleta harara puani na mashavuni, kwa hiyo chagua pamba, ifuliwe kila siku kwa sabuni isiyo na harufu na isuuzwe mara mbili.

Sanskrini ikitiririka na jasho machoni, tatizo mara nyingi ni vichujio vya kemikali, viungo vinavyonyonya miale. Kuzunguka macho tumia yenye zinki oksidi. Ikivingirika kama makombo ya ufutio, uliipaka wakati losheni ya chini bado haijakauka, au umerundika vitu vinne. Ngoja dakika tano, paka kwa kubonyeza badala ya kusugua. Na chupa isiachwe kwenye gari. Iliyojitenga maji na mafuta, au iliyofanya chenga, imeharibika.

Mafuta ya kulainisha

Hewa yetu ina unyevu mwingi, na hilo linatupa nafasi nzuri ya kutumia glisirini, inayouzwa rahisi kila duka la dawa. Glisirini huvuta maji na kuyashika. Usiipake tupu: inanata, na kwenye chumba cha AC, ambako hewa ni kavu, huyavuta maji kutoka ndani ya ngozi yenyewe. Kijiko kimoja cha chai cha glisirini kwa vijiko tisa vya maji yaliyochemshwa na kupoa hukupa mchanganyiko wa asilimia 10 hivi. Tia kwenye chupa safi, weka kwenye friji, mwaga baada ya wiki moja hata kama unaonekana mzima, kwa sababu hauna kihifadhi na bakteria hawaonekani. Marashi ya waridi badala ya maji hunukia vizuri, lakini mwenye ngozi nyeti anakuwa ameirudisha harufu aliyoikimbia.

Juu yake losheni moja isiyo na manukato. Kwenye lebo, viungo vya mwanzo ndivyo vingi zaidi. Kuona glisirini karibu na mwanzo ni dalili njema, seramidi, mafuta ya asili ya ngozi, ni nyongeza nzuri, na cetyl alcohol isikutishe, hiyo ni mafuta mazito. Ya kukimbia ni alcohol denat (spiriti) na parfum (manukato). Wakati wa kaskazi, losheni nyepesi kama jeli inatosha. Anayeshinda ofisini Nkrumah Road chini ya AC anahitaji nzito kidogo, mwezi wowote.

Mafuta ya mgando ni hodari kuliko karibu kitu chochote kwa kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi, lakini uso mzima wenye mgando kwenye joto la Januari utaamka na harara. Tumia tabaka jembamba usiku, midomoni na palipopasuka. Mafuta ya nazi najua nitagombana na watu. Kwa miguu na mikono, sina neno. Usoni huziba vinyweleo vya wengi, na mafuta yake ni chakula cha ukungu unaoleta mba. Yule mwenye mabaka mepesi yenye magamba kama unga shingoni na kifuani, yanayowasha akitoka jasho, akadhani ni ukavu na kuzidisha nazi, anaulisha ugonjwa. Mba hutibiwa na dawa ya ukungu. Shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2 ikiachwa dakika tano kabla ya kusuuzwa ndiyo ya kawaida. Rangi hurudi polepole, hata baada ya ukungu kufa.

Dawa moja

Mwezi wa kwanza usiguse dawa yoyote. Kisafishaji, losheni, sanskrini, basi. Ngozi yenye kinga iliyobomoka itachonyotwa hata na maji, na dawa nzuri itasingiziwa bure. Uso ukishaacha kuwaka, chagua moja.

Niasinamidi, aina ya vitamini B3, ya asilimia 4 au 5 ndiyo pole zaidi: hujenga kinga na kupunguza usambazaji wa rangi. Seramu za asilimia 10 zimejaa madukani, na kwa ngozi nyeti hazina faida ya kulingana na mwasho wake. Asidi ya azelaiki ya asilimia 10 hadi 20 ndiyo ninayoipendelea kwa madoa, na mjamzito anaweza kuitumia. Huleta mwasho mwanzoni. Mwasho wa dakika kumi unavumilika. Ukifika saa moja, acha siku tatu kisha rudi kwa kupaka usiku mmoja na kuacha mmoja. Wekundu ulioandikwa kwenye maelezo ya dawa usiutegemee, maana kwenye ngozi yetu huonekana kama kahawia au zambarau. Pima kwa joto na mwasho.

Kwa makunyanzi hasa, kundi la retinoidi, dawa za jamii ya vitamini A, ndilo lenye ushahidi wa miaka mingi. Hedhi ikikoma, ngozi hupoteza takriban asilimia 30 ya kolajeni, protini inayoikaza, katika miaka mitano ya mwanzo, na hakuna losheni itakayoirudisha peke yake. Jeli ya adapalini ya asilimia 0.1 huuzwa kwa ajili ya chunusi na kwa kawaida ni nafuu kuliko seramu za retinoli. Muulize mfamasia kwanza. Mjamzito, anayetarajia na anayenyonyesha waiache. Anza usiku mbili kwa wiki. Osha, ngoja dakika 20 uso ukauke kabisa, paka losheni, kisha kiasi cha punje moja ya mbaazi kwa uso mzima kwa vitone vitano, ukiepuka kope, pembe za pua na za mdomo, halafu losheni tena. Baada ya wiki nne bila kubabuka, paka usiku mmoja na uruke unaofuata. Chunusi chache za mwanzo ni kawaida hadi wiki ya sita. Anayetoa nyusi kwa uzi au nta aiache wiki moja kabla, la sivyo ngozi itatoka na nywele.

Vitamini C sikusukumi uinunue. Ile halisi huharibika kwa joto na mwanga, na seramu iliyogeuka kahawia umelipia rangi.

Kila kitu kipya kijaribu nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, asubuhi na jioni kwa siku saba. Siku moja haitoshi. Mzio huchukua siku kadhaa kujionyesha. Aliyewahi kubabuliwa na piko awe mwangalifu maradufu. Na usitarajie madoa kupungua kabla ya wiki 8 hadi 12. Yale ya kijivu-samawati yamekaa ndani, na yanaweza kuchukua mwaka.

Kidonda kisichopona kwa mwezi, au doa linalokua na kutoka damu, ni la daktari siku hiyo hiyo. Na kuna weusi mmoja unaosuguliwa bure kila bafu la mji huu: ule wa shingoni na kwapani, mnene, laini kama mahameli, unaomfanya mtu aambiwe haogi vizuri. Mara nyingi huo ni dalili kwamba mwili umeanza kuikataa insulini. Weka dodoki chini, kapime sukari. Ikithibitika na ikashughulikiwa, kwa chakula, kwa uzito au kwa dawa, weusi wenyewe huanza kupauka baada ya miezi kadhaa, bila krimu.